Kijiko cha Karafuu Kilichonifanya Nijilaani Mbele ya Watu

Mimi huyu mnayenijua, Bi Esha wa Langoni, mwanamke ambaye hajaambiwa hata siku moja kwamba mchuzi wake umezidi chumvi, nilisimama mchana kweupe mbele ya walimu, wazazi, wanafunzi na wageni waliotoka Mombasa, nikainua kidole changu hiki cha shahada nikamwapiza mtu mmoja mwenye mkono mchafu, na mtu huyo alikuwa ni mimi. Ndiyo, chekeni kwanza mmalize. Jirani yangu Zuhura amecheka mwezi mzima na mbavu zake bado ziko nzima, kwa hivyo na nyinyi hamtakufa. Mimi hasira bado ninazo, na ndizo zilizonishikisha kalamu (niliishia darasa la tatu, herufi zangu zimelala upande kama ngalawa maji yakitoka, lakini zinasomeka), kwa sababu huko mtaani kila mtu ana hadithi yake ya siku ile, na katika kila hadithi mimi ni mjinga zaidi kuliko nilivyokuwa.

Mimi natoa mafuta. Si mafuta ya kukaangia, nasema mafuta ya mrehani, ya mchaichai na ya karafuu, yale yanayotoka kwa mvuke, tone kwa tone, mpaka mgongo unakuuma kwa kuinama. Nilifundishwa na mame wangu, Allah amrehemu, kule Matondoni. Unatia majani ndani ya sufuria kubwa yenye maji, katikati unaweka bakuli, kifuniko unakipindua, juu ya kifuniko unamimina maji baridi, basi mvuke ukipanda unakutana na ubaridi, unalia, unadondoka ndani ya bakuli. Ya mrehani huelea, unayachukua kwa unyoya wa kuku. Ya karafuu ni mazito, huzama chini, hayo yataka mkono wa subira. Fundi wa majahazi akijikata kwa patasi hakwenda kokote ila kwenye mlango wetu, mame atampangusa kwa tone la karafuu ndani ya mafuta ya nazi, na kile kidonda hakikutunga usaha. Sikusoma popote hayo, nimeyaona kwa mato yangu.

Sasa nina mjukuu, Rukia, yuko kidato cha tatu katika skuli ya wasichana hapa Amu. Nimemlea mimi, mama yake anafanya kazi Malindi. Mtoto ana adabu, ana akili, na ana kichwa kigumu (hicho kichwa watu wanasema ni changu, na mimi sikatai). Siku moja akarudi kutoka skuli amevimba mashavu. Nikamuuliza umepigwa. Akasema hapana, lakini mwalimu wake wa sayansi, Madam Achieng, amesema mbele ya darasa kwamba mafuta ya mabibi ni harufu tu.

"Amesema kunukia ni kitu kingine na kuua vijidudu ni kitu kingine," Rukia akasema. "Amesema anayebisha alete ushahidi."

"Mwambie aje anuse," nikamwambia.

"Bibi, kunusa si ushahidi."

Nilikasirika siku ile, na tangu siku ile sijakaa sawa. Mwanamke ametoka bara, hajamaliza mwaka hapa, hajui hata ndia ya kwenda kwangu, anasema harufu tu. Na mbaya zaidi ni kwamba Zuhura, jirani yangu tangu tulipokuwa wali, wasichana wa kuolewa (yeye ni wa Kizingitini, na maneno yake ni kama kaa, yakikubana hayakuachi), miaka yote hiyo ananiambia neno hilo hilo. Kila nikimpa chupa ananusa, anafunga kizibo, ananirudishia, anasema, "Esha, yananukia vizuri. Sasa dawa iko wapi?"

Basi Rukia akaamua kuleta ushahidi. Kulikuwa na mashindano ya sayansi yanakuja, waamuzi watatoka Mombasa, na kazi itakayoshinda itapelekwa huko huko Mombasa kushindana na skuli za pwani nzima. Mtoto akaniomba chupa tatu ndogo. Nikampa za juu kabisa, zile ninazoficha.

Akafanya majaribio ya kwanza huko skuli na Madam wake. Akanieleza jioni, na nilisikiliza kwa sikio moja, sikio la pili lilikuwa kwenye sufuria yangu, na hapo ndipo msiba wangu ulipoanza kutembea kuja kwangu bila ya mimi kuusikia. Alisema wanapika faluda. Faluda hii hii ya Ramadhani, nyuzi zile zile za mwani zinazouzwa dukani, lakini haitiwi maziwa wala sukari, inamiminwa ndani ya visahani vya kioo vyenye vifuniko, ikishaganda unachukua uchafu wa mahali, kama vile mfereji wa bafuni au kidole kisichonawa, unaupaka juu. Katikati unaweka kikaratasi kilichochovywa mafuta. Unafunga. Baada ya siku mbili faluda yote imeota vidoto vyeupe kama upele, ila pale penye kikaratasi. Pale pamebaki duara safi, hakuna kidoto hata kimoya.

Aliniletea picha kwenye simu. La karafuu lilikuwa duara kubwa kuliko yote, kama mwezi uliozungukwa na nyota. Nikaiangalia picha ile mpaka simu ikazimika. Halafu nikavaa buibui, nikazunguka mtaa mzima na kile kisimu mkononi, nyumba kwa nyumba, na nyumba ya mwisho ikawa ya Zuhura.

"Dawa hiyo hapo," nikamwambia.

Akaangalia, akarudisha simu. "Ni picha," akasema.

Nilijua siku ya mashindano atakuja ataona kitu chenyewe.

Lakini visahani vile vya kwanza vilikuwa vimeoza, Madam aliamrisha vimwagiwe dawa vitupwe, kwa hivyo siku ya mashindano vinatakiwa vipya. Na siku ya kupika faluda mpya gesi ya skuli ikaisha. (Gesi. Skuli inafanya mashindano ya sayansi na haina gesi, na aliyeaibika ni mimi.) Rukia akasema atapika nyumbani, kesho yake ataipeleka skuli na kupaka uchafu huko huko mbele ya mwalimu. Nikamwambia jiko ni lako.

Siku hiyo mimi nilikuwa natoa karafuu tangu asubuhi, nyumba nzima inanuka karafuu, mapazia yananuka, paka ananuka. Rukia akaweka kisufuria chake juu ya seredani, akachemsha nyama. Nikauliza nyama ya nini. Akasema ya supu, supu inaingia ndani ya faluda. Nikafikiri nimesikia vibaya. Faluda ya supu ya ng'ombe. Ningeliona mtu anavaa kiatu kichwani nisingeshangaa hivyo. Akaichuja, akatia nyuzi, akakoroga, akaepua. Halafu akasema, "Bibi, naenda kusali na kuchukua visahani nilivyovichemsha. Usiguse sufuria yangu."

"Nitaigusia nini," nikamwambia.

Akatoka. Na ile sufuria ikabaki pale inatoa moshi wake, na moshi ule, jamani, ulikuwa unanuka kama ndiani karibu na machinjioni. Mimi ni mwanamke ambaye mgeni akiingia kwangu anapokewa kwa udi kabla ya salamu. Nikajifikiria: siku ya mashindano wageni wa Mombasa watainama juu ya visahani hivi na pua zao, watasema huyu mtoto wa nyumba gani, nao wataambiwa, wa Bi Esha, yule mwenye mafuta. Mafuta yapi basi, na kazi yenyewe inanuka ng'ombe.

Nilichukua kijiko cha chai. Nikakijaza karafuu ile ile niliyoitoa asubuhi, nikamimina, nikakoroga mpaka yakapotea. (Kilikuwa kijiko kimoja na kama nusu. Kule skuli nilisema kimoja, lakini hapa nasema kweli.) Harufu ya supu ikanywea. Nikafurahi. Nikaosha kijiko, nikakirudisha, nikakaa nikamenya vitunguu kama mtu asiyejua lolote.

Mnauliza mbona Rukia hakusikia harufu. Atasikiaje, nyumba nzima ilikuwa karafuu, na kesho yake huko skuli kikaratasi chenyewe kilichovywa karafuu hiyo hiyo. Akarudi, akamimina kwenye visahani vinne, akafunga, akanibusu mkono. Huo mkono. Mkono ulioshika kijiko.

Siku ya mashindano nilivaa leso mpya, nikajifukiza, nikachukua wanawake sita wa mtaa kama naenda harusini, na Zuhura mbele. Ukumbi wa skuli umepangwa meza, kila meza na watoto wake. Meza moja ilikuwa na mashine ya kutotoa mayai ambayo mayai yenyewe yalikuwa yamekaa tu yanatuangalia. Meza ya Rukia ilikuwa karibu na dirisha, visahani vinne vimefunikwa kitambaa cheupe ambacho hakuna aliyekifunua tangu siku ya kupaka, chupa zangu tatu zimesimama mbele yake kama maharusi. Tukakaa viti vya mbele. Wengine walituambia hivyo ni vya wageni, hatukuwasikia.

Mwamuzi alikuwa bwana wa miwani, mwembamba, umri wa mwanangu wa mwisho, ana kalamu na ubao wa kuandikia. Madam Achieng anamfuata nyuma. Walipofika kwa Rukia mtoto akasema salamu vizuri, akaeleza vizuri, sauti haikutetemeka: sahani ya kwanza karafuu, ya pili mrehani, ya tatu mchaichai, ya nne haina mafuta yoyote.

"Hii ya nne ni shahidi," akasema. "Hii inatakiwa iwe imeota vidoto kila mahali, ndipo tujue kwamba kwenye hizi nyingine ni mafuta ndiyo yaliyozuia."

Akavuta kitambaa.

Nilinyoosha shingo. Sahani ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu safi. Ya nne safi, inang'aa kama kioo cha bibi harusi. Mimi nikapiga makofi. Naapa nilipiga makofi, peke yangu, ukumbi mzima, kwa sababu niliona usafi kila mahali nikajua mafuta yangu yameshinda.

Rukia hakupiga makofi. Uso wake ulikuwa umekauka.

Yule bwana akainama, akainua sahani ya nne kwenye mwanga, akaigeuza. "Shahidi wako mbona msafi hivi?"

"Sijui, Bwana," Rukia akasema.

"Uliipaka uchafu?"

"Niliipaka. Madam alikuwapo."

"Uliipaka ukaisugua tena kwa dawa alipoondoka. Au ulibadilisha." Hakupaza sauti, na hilo lilinikera zaidi. "Dada, sahani nne haziwezi kuwa safi hivi. Hata hewa ya chumba ina vijidudu. Haya ni matokeo yaliyopikwa." Akaandika kwenye ubao wake, na mwalimu mmoja aliyesimama nyuma yetu akalisoma neno kwa sauti ya chini: udanganyifu. Akamwambia mwenzake kwamba mtoto akiandikiwa hilo jina lake linasomwa asubuhi mbele ya skuli nzima na hashindani tena mpaka amalize.

Hapo nikainuka. Sikumbuki kuinuka, nilijikuta tu nimesimama.

"Bwana," nikamwambia, "wewe umeshuka kwa ndege Manda, umevushwa kwa boti, umepewa juisi ya ukwaju na mahamri ukala ukapangusa mdomo, sasa umesimama ndani ya nti ya watu unamwita mtoto wa watu mwongo?"

"Mama, tafadhali kaa. Nimesema matokeo hayawezekani."

"Hayawezekani kwako wewe usiyeyajua mafuta yangu. Mafuta yangu yana nguvu yameua mpaka kwenye sahani ya jirani."

Wanawake wangu wakacheka na kupiga makofi, na makofi yale ndiyo yaliyonimaliza, kwa sababu mimi nikisikia makofi ulimi unakata kamba.

"Mafuta hayaruki kutoka sahani hadi sahani ndani ya vifuniko, mama," akasema yule bwana. "Kuna mtu ametia kitu. Kama si yeye, ni nani?"

"Kama si yeye," nikasema, na nikainua kidole, "kama kuna kiumbe ametia mkono wake katika kazi ya mtoto huyu, awe mkubwa awe mdogo, awe wa hapa awe wa kuja, Wallahi namsomea Halbadiri. Nitakaa nayo wiki nzima. Ule mkono uliotia kitu uvimbe mpaka usiingie kwenye mkono wa kanzu, na ulimi wake umtoke mwenyewe aseme mbele ya watu."

(Kwa asiyejua, Halbadiri ni dua ya kumshitaki mbaya wako kwa Mola, inasomwa na watu katika kikao kwa ubani na nia, na mwenye hatia inamrudia: anaumwa, anaweweseka, mwisho anaungama kwa mdomo wake. Huku kwetu ukiitaja, hata asiyeiba kitu anajikagua mifuko.) Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Astaghfirullah." Walimu wa bara wakaulizana ni nini. Hata Zuhura aliniambia kwa chini, "Esha, kaa kwanza. Hujui ni nani." Nikamwambia nikishajua ndipo nitakaa.

Madam Achieng alikuwa amechukua sahani ya nne. Akafungua kifuniko kidogo, akanusa. Akaifunga, akaifungua tena. Halafu akachukua kijiti, akachimba ile faluda katikati, akakileta puani.

"Rukia," akasema, "sahani hii ilitiwa karatasi?"

"La, Madam."

"Inanuka karafuu. Si juu. Ndani. Faluda yenyewe imepikwa na karafuu." Akamgeukia yule bwana. "Hii faluda ndiyo chakula cha vijidudu. Kama dawa imo ndani ya chakula, hakuna kitakachoota kwenye sahani yoyote."

Chakula.

Neno hilo liliniingia kama mwiba wa samaki. Chakula. Mimi siku zote nilidhani ile faluda ni godoro, kitu cha kulazia vile vidudu ili watu wavione. Hakuna aliyeniambia kwamba wanaila. Na kidole changu bado kilikuwa juu, hapa karibu na uso, na harufu ya karafuu ikaniingia puani kutoka kwenye kidole kile kile.

Nikakishusha polepole.

Rukia akageuka. Aliangalia kila mtu kabla ya kuniangalia mimi, halafu akaniangalia mimi, na nikaona amekijua kila kitu, kijiko, sufuria, sala yake, vitunguu vyangu. Mtoto mwenye haki yake angeninyooshea kidole. Hakuninyooshea. Akainamisha kichwa akasema, "Ni mimi, Bwana. Nilikosea nilipokuwa napika."

"Basi umekiri," akasema yule bwana, na kalamu ikarudi kwenye ubao.

Sasa nawaambia ukweli, na huu ndio unaoniuma kuliko kucheka kwa Zuhura. Mimi nilinyamaza. Haikuwa muda mrefu, lakini nilinyamaza, nikahesabu: hapa wako wanawake sita wa mtaa, hapa yuko Zuhura, hapo kuna chupa zangu zenye jina langu, na mtoto yuko tayari kulibeba. Nilijiona naweza kutoka nje na jina langu zima. Kalamu ilikuwa inaandika.

"Futa hilo, Bwana," nikasema. "Ni mimi."

"Mama?"

"Huyo mtoto hakukosea kitu. Ni mimi niliyetia. Alisema nisiguse, nikagusa. Supu ilikuwa inanuka."

Nikamsikia Zuhura, si kwa kelele, kwa ile sauti yake ya kumwambia mtu chai imepoa: "Subhanallah. Haijasomwa, na ishafanya kazi."

Basi ukumbi ukaanguka. Walicheka wazazi, walicheka wanafunzi, walicheka wale wa mayai yasiyototolewa, walicheka walimu wa bara waliokuwa wametafsiriwa sasa hivi. Mwanamke mmoja niliyemleta mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, alilala kwenye bega la mwenzake. Mtu akauliza chetezo kiko wapi. Mwengine akasema, "Bi Esha, mkono umeanza kuvimba?" Na mimi nimesimama, leso mpya, nimejifukiza, sina pa kuuweka huo mkono.

Yule bwana hakucheka, namhesabia hilo. Akaniuliza, "Uliweka kiasi gani?"

"Kijiko cha chai. Kimoja."

"Kwenye sufuria ya ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akatikisa kichwa taratibu, akaangalia visahani, akasema kama anajisemea peke yake, "Kijiko kimoja, na hakuna kilichoota. Hayo mafuta yana nguvu kweli."

"Basi ameshinda," nikasema.

"La, mama. Shahidi ameharibika. Bila shahidi siwezi kusema ni mafuta."

"Si umesema sasa hivi yana nguvu?"

"Nimesema mimi. Sahani haijasema."

Mnaona. Mtu anakubali kwa mdomo wake, halafu anakuambia kukubali kwake hakuhesabiwi. Nilitaka kumjibu, Rukia akanishika mkono. Akanishika ule ule wa karafuu, akasema, "Bibi, inatosha." Yule bwana akalikata lile neno la udanganyifu kwa mistari miwili, juu yake akaandika kwamba maandalizi yameharibika. Jina la mtoto likasalimika. Mombasa wakaenda wale wa mashine ya mayai.

(Na kabla hatujatoka, alinifuata mlangoni akaniuliza kama chupa ya karafuu inauzwa. Nikamwambia kwa watu wa Mombasa imekwisha.)

Tukatembea kwenda nyumbani. Ndia zetu nyembamba, kila ukipita mlango kuna mtu, na habari ilikuwa imeshatutangulia, sijui kwa miguu gani. Tulipofika ndani nikasema, "Rukia, hukuniambia kwamba ni chakula chao. Ungeniambia kwa nini."

"Nilikuambia usiguse, Bibi," akasema. Hakuwa na ukali. "Hilo peke yake halikutosha?"

Kesho yake nilikwenda kwa Maalim wa msikiti wetu kumuuliza kama laana niliyoitaja itanirudia. Alinisikiliza amefunika mdomo kwa kitambaa, anajifanya anakohoa. Akasema Halbadiri haikusomwa, kwa hivyo hapo hakuna kitu, lakini niliapa Wallahi nitaisoma, na sitaisoma, basi nina kafara ya kiapo: nilishe maskini kumi. Nikawalisha, wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani kumi zilizojaa, na hakuna aliyesema chumvi imezidi. Zuhura alikuja kusaidia kugawa. Chakula kilipokwisha akasimama katikati ya ukumbi wangu akauliza, "Na faluda?"

Lakini hilo silo la mwisho alilonifanyia. La mwisho ni hili, na nikiliandika kalamu inataka kutoboa karatasi. Rukia atashindana tena mwakani, Madam Achieng amemruhusu, amesema anataka kuiona ile sahani ya nne kwa mato yake. Na mtoto anafanya mazoezi kila Jumamosi, anapika faluda ya supu yake. Anaipikia wapi? Jikoni kwa Zuhura. Alikuja akaniomba ruhusa kwa adabu, ameshika vidole vyake, akasema inatakiwa nyumba isiyokuwa na mafuta hata tone, na mtaa mzima nyumba hiyo ni moya. Yule mwanamke wa "dawa iko wapi", sasa ndiye mlinzi wa sufuria ya mjukuu wangu, amekaa na kipepeo cha seredani mkononi kama askari wa forodha, na mimi nikifika na chupa yangu inanibidi nisimame nje ya kizingiti.

"Iweke hapo chini," ananiambia. "Usiingie nayo. Na mikono uirudishe nyuma."

Naiweka. Nairudisha nyuma. Nilimwambia Rukia, na sasa naiandika ili iwe ushahidi juu yangu: sufuria ya mtu nikiambiwa nisiguse, sitaigusa hata ikinuka mzoga, wala sitauliza kwa nini. Na kidole hiki sitakiinulia mtu tena kabla ya kukinusa.

Jumamosi iliyopita Zuhura alitoka jikoni na sahani mbili, moja mkono huu na moja mkono ule, akanionyesha akiwa ndani na mimi niko nje. Moja imeota upele mtupu, imechafuka yote. Ya pili ina duara katikati, safi, pana, la karafuu yangu. Akaziangalia, akaniangalia. Nikangoja aseme.

"Nimeona," akasema, akafunga mlango.